Anayesoma ughaibuni ahesabu saa zake na wenyeji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo makala za ushauri kwa wanafunzi wanaokwenda kusoma ughaibuni hulipitia juujuu. Viza huelezwa hatua kwa hatua, bima vivyo hivyo, hata namna ya kupanga sanduku. Likifika suala la kupata marafiki wenyeji, mwanafunzi anaambiwa awe mchangamfu na ajichanganye na watu. Ajichanganye wapi, siku gani, na nani, mara ngapi kwa wiki? Hapo kalamu hunyamaza. Ndiyo maana wengi humaliza mwaka wakiwa na marafiki kutoka nchi kumi, isipokuwa nchi waliyokuwa wakiishi, kisha hurudi wakisema watu wa kule wana roho ngumu.

Wapo wenye roho ngumu, kama kila mahali. Lakini kwa sehemu kubwa kinachowashinda wanafunzi ni hesabu ya saa. Mwenyeji aliye mwaka wa pili au wa tatu ana marafiki wa tangu sekondari, ana kibarua cha jioni, na Ijumaa anapanda treni kurudi kwao. Hamchukii mgeni, ratiba yake imejaa, wala hakuna kinachomlazimu kuipangua. Mwenye nafasi tupu ni mgeni, na kwa hiyo ni juu yake kujipachika mahali ambapo watu walewale watamwona tena na tena bila yeyote kulazimika kupanga kumwona.

Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alitoa makadirio yanayofaa kubandikwa ukutani. Baada ya kuwafuatilia watu waliohamia mji mpya na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, alikadiria kwamba zinahitajika kama saa 50 za kuwa pamoja ndipo mtu unayemfahamu kwa sura awe rafiki wa kawaida, saa 90 hivi awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 awe rafiki wa karibu. Tena saa za kukaa darasa moja au kufanya kazi pamoja hazikuwa na uzito sawa na saa za kupiga soga na kutaniana. Sasa piga hesabu. Ukionana na mtu saa 2 kwa wiki, saa 50 zitatimia wiki ya 25, ilhali muhula wa wiki 15 utakuwa umekwisha ukiwa na saa 30 tu. Ukiongeza ziwe saa 4 kwa wiki, muhula huohuo unakupa 60. Safari moja ya wikendi na kikundi, kuondoka Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili jioni, inatoa kama saa 25 za kuwa macho pamoja, yaani zaidi ya miezi miwili na nusu ya kuonana saa 2 kwa wiki. Aliyekwenda kwa muhula mmoja tu asikose safari kama hizo, hata akiona kwamba bado hawafahamu watu vizuri. Hasa kama hawafahamu.

Kazi yenyewe huanza kabla ya kupanda ndege, kwenye fomu ya malazi. Mwaka 1950 Leon Festinger na wenzake walionyesha, kwa kuchunguza nyumba za wanafunzi waliooa katika chuo cha MIT, kwamba urafiki ulifuata milango: jirani wa mlango wa pili alikuwa na nafasi kubwa kuliko wa mlango wa nne, na walioishi penye ngazi walipata marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu. Kwa hiyo ofisi ya malazi iulizwe maswali matatu: watu wangapi wanatumia jiko moja, wangapi kati yao ni wenyeji, na je, hao wenyeji hubaki chuoni mwishoni mwa wiki? Jiko la watu 6 hadi 8 ndilo zuri. Wakiwa 3, ukishindwana na mmoja umebaki na mmoja. Wakiwa 20, hakuna anayejua sufuria chafu ni ya nani na kila mtu hukimbilia chumbani. Chumba chenye jiko lake ndani kinavutia kwenye picha, na ndicho kibaya kuliko vyote kwa madhumuni haya. Ukipangiwa jengo la wageni watupu, omba kuhamishwa wiki ya kwanza, si mwezi wa tatu, kwa sababu mwanzoni mwa muhula ndipo vyumba vya waliokubaliwa lakini hawakufika huachwa wazi. Ukishaingia, pika saa wanazopika wengine, na usibebe sahani kwenda nayo chumbani.

Wiki ya kuwapokea wanafunzi wa kigeni ina faida zake, lakini ijulikane inavyofanya kazi: inakukutanisha na wageni wenzako, wote wapweke, wote wakitafuta rafiki siku hiyohiyo. Kufikia Ijumaa kundi limeshafungwa na jioni zote zimeshajaa. Vyuo vingi huwa na wiki nyingine ya kuwapokea wenyeji wa mwaka wa kwanza. Omba kuhudhuria hiyo pia, hata kama wewe ni wa mwaka wa tatu uliyekuja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Wenyeji wa mwaka wa kwanza ndio pekee ambao nao hawana mtu.

Katika kuchagua masomo, pale ambapo kanuni zinaruhusu, chukua angalau somo moja la semina ya watu 12 hadi 20, au lenye maabara ya watu wawili wawili. Ukumbi wa watu 300 haukuletei mtu. Keti mahali pamoja kwa wiki tatu za mwanzo ili wa kushoto na wa kulia wawe walewale. Mwaka 1992 Richard Moreland na Scott Beach walipeleka wanawake wanne kwenye darasa moja la chuo: mmoja hakuhudhuria kabisa, wengine walikwenda mara 5, 10 na 15, bila kuzungumza na mwanafunzi yeyote. Mwisho wa muhula wanafunzi walipoonyeshwa picha zao, aliyehudhuria mara nyingi zaidi ndiye aliyependwa zaidi. Hakuwa amesema neno. Uliza pia, siku ya kwanza, kama darasa lina kundi lake la kutumiana ujumbe. Karibu kila mara yapo mawili: moja rasmi la mkufunzi, na jingine la wanafunzi wenyewe kwa lugha yao, ambamo ndimo hutangazwa nani anakwenda wapi baada ya mtihani. Asiyekuwemo katika la pili hajatengwa na mtu. Hakuna aliyekumbuka kumwingiza.

Kazi za makundi zina shubiri yake. Baadhi ya wenyeji huogopa kwamba mgeni atashusha alama, na hofu hiyo hawaisemi, ila utaona unapewa kipande cha kupanga kurasa. Dawa yake ni kufika kikao cha kwanza na ukurasa mmoja wa rasimu: mada imegawanywa, vyanzo vitatu vimeshasomwa, tarehe zimependekezwa. Kisha jitolee kuwa mwenye kuitisha vikao. Mwitishaji hujibiwa ujumbe na kila mtu.

Sasa vikundi vya nje ya darasa, ambavyo ndivyo kiini cha barua hii. Kosa la kwanza ni kujiandikisha vitano siku ya maonyesho ya vikundi na kufikia Novemba kutokuwa na kimoja. Chukua viwili, basi. Kila kimoja kiwe kinakutana kila wiki, siku ileile, kiwe na wenyeji zaidi ya nusu, na kiwe na kazi ya kufanywa kwa pamoja: kwaya, timu ya mpira, mchezo wa kuigiza, gazeti la wanafunzi, kupanda milima. Ukumbi wa mazoezi ya mwili hauhesabiki, maana kila mtu ana visikilizio masikioni. Kikundi cha mihadhara hakifai vilevile. Watu husikiliza na kuondoka. Chagua ama jambo unaloliweza vizuri, ama jambo ambalo wote ni wanagenzi. Kati na kati ni pagumu: unajua kidogo, wao wanajua sana, na lugha bado inakupiga chenga.

Hudhuria mara 6 mfululizo kabla ya kuamua kama kinakufaa. Mara ya kwanza wewe ni mgeni, ya pili unasahauliwa jina, ya tatu unakaribishwa kwa jina lisilo lako, na aghalabu ni ya nne au ya tano ambapo mtu anasema, wiki iliyopita hukuonekana. Wengi huacha baada ya ya pili. Na usiondoke shughuli ikiisha. Ile nusu saa ya kukunja viti, kubadili viatu na kusimama mlangoni ndiyo yenye soga, na ndiyo inayohesabika katika zile saa 50. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko ughaibuni hakuna atakayekupa, inabidi ulichukue mwenyewe. Omba kazi ndogo isiyohitaji ufasaha wa lugha: kutunza funguo, kuhesabu jezi, kupiga picha, kuleta spika. Mwenye funguo hutafutwa.

Baada ya hapo kuna kizingiti ambacho watu wengi hukwama: kuutoa ujuano nje ya mahali ulipoanzia. Mtu mnasalimiana vizuri kila Alhamisi kwa miezi mitatu, na ni Alhamisi tu. Anza na hatua fupi isiyo na gharama, dakika 15 za kahawa mara baada ya shughuli, kwa kuwa wote mko pale tayari. Ikienda vizuri mara mbili, alika kwa siku nyingine. Mwaliko uwe na siku, saa, mahali na mwisho: “Jumamosi saa nne asubuhi naenda sokoni, nitarudi saa sita, twende?” Maneno kama “tuonane siku moja” si mwaliko. Katika lugha nyingi ni namna ya kuagana, na mgeni akisubiri simu baada ya kuambiwa hivyo atasubiri sana. Ukitaka kujua kama aliyesema alimaanisha, taja tarehe papo hapo. Akikataa na kupendekeza siku nyingine, amekubali. Akikataa mara mbili bila pendekezo, mwache kwa heshima na muendelee kusalimiana. Pendekezo lenye watu watatu au wanne hupokelewa kwa urahisi kuliko la wawili, hasa kati ya mwanamume na mwanamke, ambapo mwaliko wa wawili unaweza kusomwa vingine.

Kuna jambo linalowapa wengi homa bure. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walionyesha kwamba watu wasiofahamiana, wakishazungumza, kwa kawaida hudhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Hilo huweza kuwapata hata wanaozungumza lugha yao wenyewe. Mwenye kuzungumza lugha ya kujifunza huongeza aibu yake juu. Kwa hiyo ile sauti inayokwambia usiku kwamba ulijibu kipumbavu haifai kuwa mshauri wa kuamua kama utarudi wiki ijayo.

Lugha yenyewe inahitaji kuzungumziwa kwa upana. Mwanafunzi mwenye kiwango cha B1, yaani cha kati katika ngazi za kupimia lugha, anaweza kuzungumza na mtu mmoja saa nzima akaelewana naye, halafu akakaa mezani na watu watano asiambulie kitu. Hajarudi nyuma. Mezani watu hudakiana maneno, hufupisha, hutaja vipindi na vituko vya utotoni mwao, na utani hauwezi kusubiri. Aliyepanga sentensi yake vizuri hukuta mada imeshahama. Basi miezi ya mwanzo kutana na watu wawili au watatu, pasipo muziki mkubwa, mkiwa na kitu cha kufanya kwa mikono, kwa sababu kazi hujaza ukimya bila aibu. Jifunze mapema yale maneno madogo ambayo vitabu huyaacha: ya kuonyesha kwamba unasikiliza, ya kuomba zamu, ya kusema “ngoja, nirudie.” Kumi hivi yanatosha, na yana kazi kubwa kuliko msamiati wa kitaaluma elfu moja.

Pale ambapo masomo yenyewe ni kwa Kiingereza, usidanganyike kwamba lugha ya nchi haina haja. Mapumziko yakianza wenyeji hurudi kwenye lugha yao, nao wakikuona hubadilisha kwa adabu, kisha wanachoka. Mtu anayewafanya watu wabadili lugha kila akiketi, mwishowe hupunguziwa mialiko bila ubaya wowote. Waambie waendelee, na kwamba utauliza utakapopotea. Halafu uliza kweli, mara moja moja. Na amua mapema: watu wawili wakizoea kuzungumza lugha fulani tangu siku ya kwanza, kuibadilisha baadaye huwa kama kubadili mkono wa kuandikia. Ukitaka kuwa na fulani kwa lugha yake, ianze siku hiyo hata kwa kigugumizi.

Kubadilishana lugha, wewe umfundishe yako naye akufundishe yake, ni njia nzuri ya kufikia saa hizo, ila huharibika kwa namna moja inayojulikana: lugha ambayo mmoja wenu anaiweza zaidi humeza nyingine ndani ya wiki tatu. Tumieni saa ya ukutani. Dakika 30 lugha moja, dakika 30 nyingine, bila kuchanganya, na lugha inayoanza ibadilike kila wiki. Kila mmoja alete mada moja. Masahihisho yaandikwe na kusomwa mwishoni, maana anayesahihishwa kila sentensi haongei tena.

Upo ushauri mmoja ninaoupinga waziwazi, nao ni ule wa kuwakwepa watu wa kwenu. Stephen Bochner na wenzake, katika utafiti wa 1977, walieleza kwamba mwanafunzi wa kigeni huwa na mizunguko mitatu ya marafiki, kila mmoja na kazi yake: wa nchi yake, ambao kwao anabaki kuwa yeye, wageni wa nchi nyingine, ambao anastarehe nao, na wenyeji, ambao huwaendea zaidi kwa msaada wa masomo na shughuli za nchi. Kukata mzunguko wa kwanza ni kujitia upweke bila kuongeza wa tatu, kwa sababu mpweke huja kwa wenyeji na njaa, nao huihisi. Kinachotakiwa ni kuzigawa jioni: mbili kwa wiki ziwe za vikundi vile viwili na zisiguswe na mwaliko wowote mwingine. Hata simu za nyumbani zipangiwe saa. Anayepiga simu kila siku wakati wa chakula cha mchana amejitoa mwenyewe kwenye meza ambayo angeketi na wenzake.

Angalia pia hicho alichokiona Bochner kuhusu wenyeji. Mwenyeji anayeendewa tu kwa fomu, barua za benki na kusahihishiwa insha amegeuzwa ofisi. Omba msaada, maana kuomba kidogo huwaleta watu karibu, lakini mara inayofuata wewe ndiye uwe na la kutoa: maelezo ya somo unaloliweza, mkono wa kuhamisha meza, kumwangalizia mimea akisafiri.

Mambo mengine yanayokwamisha nayataja kwa haraka. Asiyekunywa pombe afike mapema kwenye mikusanyiko, akae saa ya kwanza watu wakiwa bado wanasikilizana, kisha aage. Sababu aitaje mara moja bila mahubiri. Bili ikija, tazama wenzako wanafanyaje kabla ya kutoa pochi, kwani kulipia meza nzima kunaweza kuwafanya wajione wana deni. Anayeulizwa kila siku kuhusu nchi yake ajibu kwa sentensi mbili na arudishe swali, la sivyo atabaki kuwa balozi. Wanafunzi wa uzamivu, ambao hawana darasa wala bweni, watafute kikundi cha mtaani badala ya cha chuo, kwa kuwa watu wa umri wao wako huko. Na ubaguzi upo. Mtu akikutendea hivyo usitumie saa zako kumwongoa; ondoka, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, peleka ofisi ya ustawi wa wanafunzi, na zile saa zipeleke kwingine.

Vyuo navyo vina lawama. Mipango mingi ya kumpa mgeni mwenyeji wa kumwongoza hufa mwezi wa pili kwa sababu mwenyeji mmoja hupewa wageni wengi, wanakutana mara moja kwenye tafrija, na hakuna siku ya pili iliyopangwa. Mpango wenye siku maalumu kila wiki kwa wiki nane za kwanza, na kazi ya kufanya pamoja, ungekuwa na gharama ileile.

Wazazi wanaosoma ukurasa huu wana swali wanalolipenda kwenye simu: umeshapata marafiki? Hujibiwa ndiyo, ili mama asiwe na wasiwasi, na mazungumzo huishia hapo. Wamuulize badala yake Jumanne jioni huwa anakwenda wapi, na wangapi huko wanalijua jina lake. Akikosa jibu wiki ya nne, ratiba bado inabadilika. Akikosa wiki ya kumi na mbili, ajiandikishe safari ya wikendi inayofuata.

Mshauri wa wanafunzi